Fukusi alikufa kiu, dumuzi akanipiga chenga

Nyota nne kwa fukusi, nyota mbili kwa dumuzi: hao ni wadudu wawili wa mahindi, na ninachokipa alama ni mfuko wa kuhifadhia nafaka. Najua tathmini haiandikwi hivi. Mfuko ni mmoja, na alama inatakiwa iwe moja. Lakini nimekaa na mifuko hii miezi saba, nimeifungua, nimepeta kilichokuwamo, nimepima kwenye mizani, na kila nikitaka kuipa alama moja naona nitamdanganya mtu. Mwenye fukusi nikimwambia mfuko ni mbovu, nitakuwa nimemnyima kitu kizuri. Mwenye dumuzi nikimwambia mfuko ni mzuri, ataamka siku moja akute unga ambao hakuusaga.

Ni ile mifuko ya kuhifadhi nafaka isiyopitisha hewa, ya tabaka tatu: miwili ya plastiki nzito, mmoja ndani ya mwenzake, kisha salfeti ya kawaida kwa nje ya kubeba uzito. Chapa siitaji. Watengenezaji sasa ni wengi, mifuko yao inafanana kama mapacha, na ninayotaka kusema hayahusu jina lililochapwa mbele. Aliyeniuzia aliisifia hadi nikaona haya kuuliza maswali: "Mama, humu mdudu akishaingia hatoki." Kweli, waliokuwamo hawakutoka. Mimi aliyeniumiza ni yule aliyeingia baadaye.

Plastiki yenyewe nairidhia. Ukiijaza hewa na kuisokota mdomoni inatuna kama puto na kubaki hivyo. Nilifanya hivyo kwa plastiki zote sita za mifuko yangu mitatu kabla ya kutia hata punje, nikazikumbatia moja moja nikisikiliza kama kuna mahali panapopuliza. Hakuna. Salfeti moja ilikuwa na mshono uliofumuka kwenye kona, nikaushona kwa shazia yangu. Kwa kitu kipya si vizuri, lakini salfeti haizuii hewa, kwa hiyo sikurudisha.

Mahindi yalikuwa ya shamba moja, yamevunwa siku zilezile na kukaushwa juu ya turubai moja. Sina kipima unyevu. Nilitumia chumvi na chupa: unachukua chupa kavu ya kioo, unatia chumvi kavu kidogo, unatia punje hadi kama robo ya chupa, unafunika, unatikisa kwa dakika chache, halafu unaiacha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu bado umezidi asilimia 15, rudi juani. Siku ya kwanza chumvi iliganda kama ukungu wa alfajiri. Siku ya nne ikateleza yote chini, kioo kikabaki kisafi. Nikaongeza siku mbili nyingine za jua, maana mfuko usiopitisha hewa hautoi unyevu nje; ukifungia mahindi mabichi umefungia kuvu, na sumukuvu haipetwi kwa ungo.

Mifuko ilikuwa mitatu, kila mmoja wa kilo 100. Wa kwanza niliuweka chumba cha ndani, juu ya stendi ya chuma iliyokuwa ya pipa la maji. Wa pili ukaenda stoo, juu ya chaga ya mbao. Wa tatu nitausema mwishoni. Kuugawa mzigo hivyo hakukuwa na akili yoyote ya utafiti. Chumba cha ndani kilijaa tu. Laiti ningejua kwamba ile chaga ndiyo itakayoamua mambo, ningeutupa mfuko uvunguni nilale nao.

Tuanze na fukusi, maana yeye alikuwamo tangu mwanzo. Siku ya kujaza nilichota kilo moja nikaimwaga kwenye sinia jeupe, nikahesabu kumi na mmoja wakitembea. Huyu hasubiri uhifadhi ndipo aje. Ni mrukaji mzuri, anafuata mahindi shambani yakiwa bado kwenye mabua, hasa gunzi ambalo maganda yake hayakufunika ncha vizuri, na unapovuna unavuna naye. Kwa hiyo ukimwona siku ya kwanza usijilaumu kwa uchafu wa stoo.

Mtazame kwa karibu, hata kwa miwani ya kusomea. Urefu wake ni milimita mbili na nusu hadi nne na nusu, rangi ya kahawa iliyoungua, na mgongoni juu ya mabawa magumu ana madoa manne ya rangi ya kutu, mawili mbele na mawili nyuma. Lakini kitambulisho chake halisi ni mkonga. Uso wake umevutwa mbele ukawa kama bomba jembamba, na vipapasio vyake vimepinda katikati kama kiwiko. Mguse kwa ncha ya unyoya: anakunja miguu, anajifanya maiti. Subiri kidogo, anafufuka na kuendelea na safari yake.

Ule mkonga si wa kunyonyea. Mwishoni mwake kuna taya ndogo, na jike huzitumia kuchimba kishimo kwenye punje. Anataga yai moja humo, kisha anaziba mlango kwa ute unaoganda na kufanana na rangi ya punje. Kwa jicho huoni kitu. Buu anaanguliwa ndani, mweupe, mnene, hana miguu, na kwa nini awe nayo? Chumba ndicho chakula. Anakula kuta za nyumba yake hadi anapogeuka mkubwa, kama wiki tano hivi kukiwa na joto la wastani, halafu anatoboa tundu la kingo zisizo sawa na kutoka. Jike mmoja anaweza kutaga mayai hadi 150 katika maisha yake. Ndiyo maana kupeta hakumwondoi: unapeta wanaotembea, waliolala ndani ya punje wanabaki kwenye ungo wakikucheka.

Sasa mfuko wa kwanza. Niliufungua baada ya miezi saba. Plastiki ya ndani ilikuwa imenywea na kushika mahindi kama ngozi ya mtu aliyekonda, nikajua hapa hewa haikuingia. Nilipofungua fundo la pili ilinijia harufu ya siku ile ya turubai. Nilichota kilo moja kutoka juu, moja katikati, moja chini, kila moja kwenye sinia. Fukusi walikuwapo, ndiyo. Wote wakavu, wepesi kama pumba, ukiwapuliza wanaruka. Niliwaacha juani nusu saa nikiogopa ule mchezo wao wa kujifanya maiti. Hakuna aliyefufuka. Punje zenye tundu zilikuwa chache sana, na kilo 100 nilizoingiza zilitoka 99 na ushei. Nusu kilo nimeihesabia mikono yangu na watoto waliochota kuku walipolia.

Nilikuwa nadhani wanakufa kwa kukosa pumzi, kama mtu aliyezama majini. Sivyo hasa. Fukusi kwenye mahindi makavu hana mahali pa kunywa maji. Maji yake anayatengeneza mwenyewe mwilini, kwa kuunguza chakula, na kuunguza chakula kunataka oksijeni. Ndani ya mfuko uliofungwa, wadudu wenyewe na punje wanapumua hadi oksijeni inashuka chini ya kiasi wanachohitaji. Hapo wanaacha kula, maji hayatengenezwi, na taratibu wanakauka. Wanakufa kwa kiu katikati ya chakula. Timu ya Larry Murdock wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, ilieleza jambo hili mwaka 2012 kwa mdudu wa kunde, na tangu nilisome nimekuwa nikiitazama ile mifuko kwa heshima nyingine. Hakuna dawa, hakuna vumbi la sumu la kuosha kabla ya kusaga. Wadudu wenyewe wanaimaliza hewa yao.

Kwa hilo ningetoa nyota tano. Moja naikata kwa sababu ya fundo. Kusokota plastiki, kuikunja, kuifunga kwa mpira, kisha kurudia kwa tabaka la pili na la tatu ni kazi ya watu wawili wenye nguvu, na ukifungua kuchota kidogo umeingiza hewa upya. Familia inayochota kila wiki haifaidi. Ni mfuko wa akiba, wa kufungwa ukasahauliwa.

Mfuko wa pili.

Nje haukuwa na tatizo lolote. Nilimwita shemeji aje tuubebe. Alipoushika chini na kuunyanyua akasema, "Shemeji, mbona unamwaga unga?" Nikadhani anatania. Kwenye kona ya chini, palepale ulipokaa juu ya chaga, ulikuwa unatoka mstari mwembamba wa unga wa manjano hafifu, laini kuliko wa mashine, ukijikusanya sakafuni kama kichuguu cha sisimizi.

Plastiki ya ndani haikunywea. Ilikuwa imelegea. Nilipofungua, nusu ya juu ilikuwa nzuri tu, na hiyo ndiyo hatari yake: ningekagua kwa kuchota juu ningesema mambo safi. Nilipofika theluthi ya chini mkono ulizama kwenye vumbi. Punje zilikuwa zimebaki maganda, ukizibana zinasagika, na ndani yake vidudu vyeusi vimelala kama risasi kwenye mkanda. Nilipima kila kitu. Kilo 93 zilitoka, na kati ya hizo kilo 11 zilikuwa unga, chenga na punje zilizotobolewa.

"Si fukusi haohao?" shemeji akauliza. Hapana, na hapa ndipo ninapotaka usome polepole, kwa sababu watu wengi wanasema "wadudu wa mahindi" kana kwamba ni kabila moja.

Mweke mmoja juu ya karatasi nyeupe, umtazame kutoka juu. Utatafuta kichwa, hukioni. Kimeinama chini ya kifua kilichovimba na kukwaruza kama tupa ya fundi. Hana mkonga. Hana madoa. Mwili wake ni mviringo kama kipande cha msumari, milimita tatu hadi nne na nusu, rangi ya kahawia iliyokolea. Kisha nenda nyuma: matako yake yamekatwa wima, kama mtu kapitisha panga kwenye gogo. Jina lake la kisayansi, Prostephanus truncatus, lina neno hilohilo la kukatwa. Mkonga mbele ni fukusi. Matako yaliyokatwa ni dumuzi. Ukishawaona wote wawili pamoja mara moja huwachanganyi tena maishani.

Na si ndugu wa karibu. Wote ni mbawakawa, sawa, lakini fukusi ana ukoo wake wa wenye mikonga, na dumuzi anatoka kwenye ukoo wa watoboa mbao. Hilo la mbao ndilo lililonigharimu. Fukusi ni mtu wa nafaka: shambani kwenye gunzi, ghalani kwenye punje. Dumuzi ana maisha mawili. Anaishi msituni kwenye matawi makavu na mbao za miti ya namna fulani, na amewahi kunaswa kwenye mitego mbali kabisa na shamba lolote la mahindi. Mahindi na mihogo mikavu kwake ni neema iliyomkuta njiani. Akikosa anarudi kwenye ubao. Anatoboa hata vitu ambavyo havimlishi, vibuyu, vyombo vya mti, plastiki, kwa sababu taya anazo na kazi yake anaijua.

Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Afrika hakuwapo. Aligunduliwa Tabora, Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya wakulima kulalamika tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 kwamba kuna mdudu mpya anayegeuza mahindi kuwa unga. Wakampa jina la Scania, kama yale malori, maana walimhusisha na malori yaliyoleta mahindi ya msaada. Mwaka 1984 akaonekana Togo, upande mwingine kabisa wa bara, na kutoka pande hizo mbili akasambaa nchi nyingi. Vipimo vya Tanzania vya miaka hiyo ya mwanzo vilionyesha hasara ya uzito hadi asilimia 34 kwenye mahindi yaliyohifadhiwa kwa miezi michache tu. Kwa mihogo mikavu ni balaa zaidi.

Ulaji wao pia haufanani. Buu wa fukusi hutoka kwenye punje aliyozaliwa akiwa ameshakuwa mkubwa. Dumuzi mkubwa huchimba njia ndefu, anatoka punje hii anaingia ile, na anasaga zaidi ya anachokula. Huo unga si uchafu tu. Jike anachimba vichumba pembeni ya njia yake, anataga mayai kwa mafungu na kuyafunika kwa vumbi, na mabuu wanakulia kwenye hilo vumbi. Ndiyo maana anapenda mahindi yakiwa bado kwenye gunzi: punje zimeshikana, hazitikisiki, anapata pa kuegemea anapotoboa. Punje zilizopukuchuliwa zinamteleza. Na ule ukavu niliojisifia kwa chupa ya chumvi haumtishi. Anaweza kuzaana kwenye nafaka yenye unyevu wa asilimia 9 tu, ambapo fukusi anahangaika.

Kuna na hili. Dume wa dumuzi akipata chakula kizuri hutoa harufu inayowaita wenzake, madume na majike. Mmoja akikaribishwa na kona ya mfuko wako, anatuma mwaliko.

Sasa aliingiaje? Nilikata plastiki zote mbili, nikazitandaza dirishani, nikaweka alama kwa kalamu kila nilipoona nukta ya mwanga. Plastiki ya nje ilikuwa na matundu 14. Ya ndani, sita. Wangekuwa wametokea ndani hesabu ingekuwa kinyume. Matundu yote yalikuwa kona ya chini, kwenye mikunjo, na nadhani mkunjo uliwapa kile ambacho punje zinazoteleza ziliwanyima, mahali pa kuegemeza mgongo. Kisha nikageuza chaga. Ubao wa pili kutoka ukutani ulikuwa na matundu ya mviringo safi, kama umetobolewa kwa msumari wa inchi moja, na nilipougonga sakafuni ukamwaga vumbi. Niliugonga tena, akadondoka mmoja. Matako yamekatwa.

Ule ubao niliutumia misimu miwili kuegemeza magunzi. Dumuzi walihamia humo mahindi yalipokwisha, wakakaa wakisubiri, nami nikawaletea mfuko hadi mlangoni. Matundu yakaingiza hewa, hewa ikaondoa ile kiu, mfuko ukageuka kuwa salfeti ya bei mbaya.

Kwa haki ya mtengenezaji niseme hivi: mfuko wa tabaka tatu haukubuniwa kwa dumuzi. Ulianzia Kamerun mwishoni mwa miaka ya 1980, kazi ya huyohuyo Murdock na wenzake, kwa ajili ya kunde. Mbawakawa wa kunde anaharibu akiwa buu ndani ya mbegu. Akishakuwa mkubwa hahitaji hata kula. Huyo ni mdudu wa kufungia. Kuutegemea mfuko huohuo dhidi ya seremala kama dumuzi kunahitaji masharti, na masharti hayo ndiyo hayakuandikwa popote kwenye kikaratasi nilichopewa. Kilisema "wadudu wote". Kilionyesha picha ya mdudu mmoja, mwenye mkonga.

Nilipiga simu namba iliyochapwa kwenye salfeti. Kijana aliyepokea alikuwa mstaarabu, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Shikamoo tena mama, kumbe ni dumuzi. Hapo mama ungeondoa mbao kwanza." Kumbe wanajua! Nikamwambia, mwanangu, sentensi hiyo moja ingetosha kwenye kile kikaratasi. Akasema ataifikisha. Nyota moja niliyoikata kwa dumuzi ni ya matundu, mbili nyingine ni za ukimya huo.

Watu wameniuliza kuhusu dawa za vumbi. Nazo zina mambo hayohayo ya wadudu wawili. Pirimifosi-methili inamwua fukusi vizuri lakini haimwezi dumuzi sawasawa. Permethrini inamwua dumuzi lakini kwa fukusi ni dhaifu. Ndiyo sababu nyingi ya zile za kuchanganya na mahindi zinauzwa zikiwa na viambata viwili ndani, na ndiyo sababu ukinunua ya kiambata kimoja ukawa na mdudu wa upande wa pili utaapa kwamba umeuziwa chokaa. Soma viambata nyuma ya pakiti. Pia dawa ni ya mahindi yaliyopukuchuliwa. Kunyunyiza juu ya magunzi yenye maganda ni kumnyunyizia dumuzi paa la nyumba.

Kuna hata mbawakawa wa tatu, Teretrius nigrescens, mdogo mweusi, anayekula mayai na mabuu wa dumuzi. Anamfuata kwa ileile harufu ambayo dume anaitia wenzake. Aliachiliwa Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka uliofuata. Habari yake naipenda sana, ila hauzwi kwenye mfuko na dumuzi bado yupo.

Basi ukitaka kununua, kabla hujatoa fedha, chukua sinia jeupe. Chota mahindi ya msimu uliopita, au futa vumbi la pembeni ya stoo, utafute maiti mmoja mzima. Akiwa na mkonga, nunua, kausha vizuri, funga kwa nguvu, usifungue ovyo. Akiwa amekatwa nyuma, mfuko bado una faida, hata ule wangu uliotobolewa uliokoa nusu ya juu, lakini kwanza toa mbao zote, gonga chaga, choma magunzi ya zamani, fagia hadi kwenye nyufa. Weka mfuko juu ya chuma au mawe, mbali na ukuta, na usiuache ukae kwenye mikunjo. Tandaza plastiki vizuri chini kabla ya kujaza. Kila mwezi pitisha kiganja kwenye kona za chini. Ukishika unga, hama.

Ule wa tatu uko chumba cha ndani, kwenye ile stendi ya chuma. Una miezi tisa sasa. Juzi nimezima taa nikauwekea sikio kwa muda mrefu, maana stoo ile nyingine, nikikumbuka vizuri, usiku ilikuwa na mchakacho kama mtu anayekunja karatasi taratibu, nami nikasema ni panya. Huu uko kimya. Plastiki imenywea. Ubao wa chaga nimeuchoma, isipokuwa kipande cha shubiri moja nilichokitia kwenye chupa ya kioo na kufunga kizibo, na kila asubuhi nakuta chini yake vumbi jipya.